Siku Kumi Mtaani Tena

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kutoa na Mwenye kutwaa, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, wiki hii nawachukua mbali na pwani yetu, hadi mtaa mmoja wa mashariki ya Nairobi uitwao Tena. Si mtaa wa kutalii. Hauna ngome wala ufuo, na hakuna mgeni anayekwenda huko kupiga picha. Nilikwenda kwa sababu nilifiwa, na aliyeniita alikuwa amefiwa kabla yangu.

Mke wangu alifariki mwaka jana, baada ya miaka ishirini na minane ya ndoa. Mimi ni mtu niliyesimama mbele ya majeneza mengi, na nimewausia watu subira katika hitima zisizo na idadi. Maneno yote ya taazia nayajua. Ilipofika zamu yangu nikatambua kuwa kuyajua maneno ni jambo moja, na kuinuka asubuhi ni jambo jingine. Sala sikuacha, alhamdulillahi. Lakini darasa la baada ya alasiri nilimwachia kijana mmoja, kahawa ya barazani nikaikimbia, na kasha la nguo za marehemu sikulifungua. Ndani ya kasha hilo mlikuwa na kofia aliyokuwa akinishonea kwa mkono. Ilikuwa imefika nusu, na sindano ingali imechomekwa kitambaani.

Kilichonitisha zaidi hakikuwa kilio. Siku moja mjukuu wangu aliteleza akaketi ndani ya beseni la nguo, maji yakamruka hadi usoni, nami nikacheka. Kicheko kilipokwisha nikajiona kama mtu aliyekamatwa na mali isiyo yake. Tangu siku hiyo nikawa naogopa kucheka. Binti yangu aliliona hilo, akampigia simu shangazi yake Nairobi. Usiku uleule dada yangu mdogo akanipigia mimi: "Kaka, njoo Tena. Usije kama sheikh. Njoo kama ndugu."

Nilipanda garimoshi asubuhi pale Miritini. Reli hii mpya ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, na mwendo wake wa takribani kilomita 470, ambao zamani ulimaliza usiku mzima, sasa huchukua saa tano au sita. Baada ya Mariakani minazi hupungua, kisha hutoweka. Huja Voi, huja nyika ya Tsavo na udongo wake mwekundu, ambao tembo hujipaka hata wakaonekana wekundu nao. Katika safari zote za nyuma, dirishani alikaa mke wangu. Safari hii tikiti ilinipa mimi kiti cha dirishani, na nilikikalia kama mtu aliyekalia mahali pa mwenyewe.

Mpwa wangu alinipokea Syokimau. "Shikamoo mjomba," akasema, akanipokonya mkoba. Tukafuata barabara ya Mombasa, kisha tukaingia ile ya Outering, ambayo imepanuliwa na kujengewa madaraja ya waenda kwa miguu. Kandokando yake ndipo ilipo Tena, jirani na Umoja, Donholm na Buruburu. Ujirani huo ni wa watu wa kipato cha kati na cha chini. Umoja ilianza kujengwa miaka ya 1970 kwa nyumba fupi za familia zenye kipato kidogo, na leo katika sehemu nyingi za Eastlands nyumba za namna hiyo zimemezwa na ghorofa. Kamba za nguo zimejaa roshani hadi juu. Jioni akina mama wa mboga hukatakata sukuma wiki kwa kisu chembamba huku wakizungumza na wateja. Maji hayatoki kila siku, na mikokoteni ya mitungi hupita ikipiga kelele. Ilikuwa Julai, na Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, ilikuwa na baridi ambayo sisi watu wa pwani hatuijui. Dada yangu alinipa sweta la marehemu mumewe. Nililivaa siku zote kumi.

Mume wa dada yangu alikufa miaka minne iliyopita, akazikwa katika makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Dada yangu alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, katika nyumba ile ile ya ghorofa ya tatu. Jirani zake, wengi wao Wakristo kutoka Ukambani na nyanda za ziwa, hawakuijua eda, lakini waliielewa haraka. Mmoja alimletea mboga mlangoni kila siku, mwingine alimchotea maji.

"Kaka," aliniambia usiku wa kwanza, tukinywa chai ya tangawizi, "watu walinihurumia ndani ya eda. Siku ilipokwisha wakanipongeza, wakaenda zao. Mlango ulifunguka, na mimi sikuwa na mahali pa kwenda."

Akaniambia jambo kuhusu jina la mtaa wake. Sote twasema Kiswahili tangu utotoni, lakini sikuwahi kulitazama neno hili kama alivyolitazama yeye. Mtu akifa twasema, "Hayupo tena." Na mtoto akirushwa juu na baba yake, akidakwa, husema, "Tena!" Neno ni moja. Katika kauli ya kwanza linafunga mlango, katika ya pili linaufungua. "Nilikaa mwaka mzima katika tena ya kwanza," akasema. "Nikaona, huu mtaa nakaa mimi, basi na hiyo ya pili ni yangu pia."

Akaingia chumbani, akatoka na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa daftari la hesabu la watoto wa shule, lenye miraba. Cha pili kilikuwa mfarishi uliokunjwa.

Katika daftari, kila mwezi una ukurasa wake. Juu ameandika neno moja, TENA, na chini yake nia tatu, si zaidi. Ya kwanza ni kwa ajili ya marehemu. Ya pili ni kwa ajili ya watu. Ya tatu ni kwa ajili yake mwenyewe. Nilisoma mwezi mmoja wa mwaka wa kwanza: kumlipia marehemu deni la fundi wa mabomba, lililokuwa limesahauliwa, kumpelekea mboga yule jirani aliyekuwa akimletea, kupika mkate wa sinia, alioacha kupika tangu msiba. Mwezi mwingine: kuzuru Kariokor Ijumaa ya pili, kuwafundisha bibi wawili wa mtaa alifu kwa kijiti, kila Jumanne baada ya alasiri, kupanda mrihani katika mkebe wa rangi roshani.

Na huo mfarishi? Kila nia inapotimia, hukata kipande cha nguo akakiunga. Vipande vya nia za marehemu vyatoka katika vikoi vya mumewe, na nilimwuliza, kwa mazoea ya kazi yangu, kama warithi wote waliridhia. Akacheka. "Waliridhia, sheikh, nikawaandikisha." Vipande vya nia za watu vyatoka katika leso zilizochakaa za jirani na jamaa, na vya nia zake vyatoka katika nguo zake. Mfarishi wenyewe sasa wafunika nusu ya kitanda. Kuna sehemu ambazo vikoi vimesongamana, na hapo nikajua ulikuwa wakati mgumu. Kuna sehemu zenye leso tupu. Kuna mahali mshono umekwenda upande, naye hakuufumua.

Nilimwuliza vipi kuhusu nia zisizotimia, maana nilimfahamu dada yangu kuwa mtu wa kujilaumu. Akanifungulia ukurasa wa Julai ya mwaka wa pili. Mrihani ulikuwa umekufa kwa baridi. Hakuufuta. Aliuchora mshale mdogo kuupeleka Septemba, jua liliporudi, akapanda tena. Niliuona mrihani huo asubuhi yake, umesogezwa karibu na dirisha la jikoni. Nilipoufikicha, harufu ya nyumba ya mama yetu ilijaa mkononi mwangu, nami nikalazimika kuketi.

Mama zangu na dada zangu, huenda mtu akauliza, je, haya ni ya dini au ni mambo ya watu wa mjini? Nililiwaza usiku mwingi katika chumba kile, na naleta niliyoyapata, Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Dini yetu imeweka mpaka wa kuonyesha maombolezo. Kwa asiyekuwa mume, siku tatu. Kwa mume, miezi minne na siku kumi. Mpaka huo ni wa mavazi, manukato na kujitenga. Machozi hayakuwekewa tarehe. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alilia alipokufa mwanawe Ibrahim, na akaeleza kuwa macho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi usiseme ila linalomridhisha Mola. Alimkumbuka Bibi Khadija miaka mingi baada ya kufa kwake, akichinja mbuzi na kuwapelekea nyama rafiki zake. Tazameni vizuri: kumbukumbu yake ya mkewe ilikuwa na kisu, na sahani, na mlango wa kubisha. Haikuishia moyoni.

Tazameni pia kisa cha Nabii Yaaqub. Macho yake yaliingia weupe kwa huzuni ya Yusuf. Hakuambiwa asihuzunike. Lakini katika huzuni hiyohiyo aliwatuma wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, na akawakataza kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Mzee asiyeona aliweka nia, akaipa watu wa kuitekeleza, akaipa njia ya kupita. Na Mtume alitufundisha kuwa hata Kiyama kikimkuta mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Nami nikajiuliza: ikiwa Kiyama hakimzuii mtu kupanda, kifo cha mke wangu chanizuiaje mimi?

Wanazuoni wa nafsi nao wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi baina ya mambo mawili: kuukabili msiba wenyewe, na kuyakabili maisha yaliyobadilika. Kwenda na kurudi huko ndiko kupona; kukwama upande mmoja ndiko kuna hatari. Na huko Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda, baada ya kumpoteza mgonjwa aliyekosa nauli ya kufika hospitali, alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kuwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati. Bibi hawawagawii watu mawaidha. Humsaidia mtu achague tatizo moja, kisha hatua moja ndogo anayoweza kuitenda, na arudi kueleza ilivyokwenda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa katika mabenchi hayo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Washona huita ugonjwa huo kwa neno lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Wana lugha yao, nasi tuna yetu, lakini hali hiyo twaijua sote.

Siku ya sita tulikwenda Kariokor. Tulisimama kaburini kwa shemeji yangu, tukamwombea. Dada yangu hakukaa muda mrefu. Njiani aliniuliza, bila kunitazama, "Kaka, lile kasha umelifungua?"

Nikamwambia sijawa tayari.

Akanyamaza mpaka tulipopanda matatu. Kisha akasema, kwa adabu lakini bila kuyumba: "Kasha lile ni mirathi. Watoto wana haki yao humo, na mama yake yu hai, naye ana haki. Wewe ndiye uliyetufundisha mirathi katika ukumbi wa mama. Ukilifunga kwa sababu ya huzuni, haki yao imefungwa pamoja nalo."

Wasomaji, nimefundisha mirathi kwa miaka ishirini. Najua fungu la mume anapofiwa na mke aliyeacha watoto kuwa ni robo. Nimewakemea watu waliochelewesha. Na katika nyumba yangu mwenyewe, miezi ilipita huku robo yangu ikilinda fungu la wengine, nami nikiita jambo hilo mapenzi. Sikujibu kitu. Matatu ilipiga muziki mpaka Tena, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kelele zile.

Usiku huo nilimwomba daftari. Akanipa jipya, alikuwa amelinunua kabla sijafika. Niliandika "TENA" juu, kwa hati ya Kiarabu, kisha nia tatu, na mbele ya kila moja inshallah. Kwa ajili ya marehemu: kulifungua kasha mbele ya warithi wote, Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi, na kugawa. Kwa ajili ya watu: kulirudia darasa la alasiri, siku mbili tu kwa juma, si tano. Kwa ajili yangu: hapo kalamu ilisita. Dada yangu akasema, "Usiandike nitafurahi. Furaha haiamriwi. Andika kitu ambacho mikono yako itakifanya, na siku yake." Nikaandika: kuimalizia ile kofia, warithi wakiridhia.

Nilirudi Mombasa. Jumamosi ile tulikaa ukumbini, tukalifungua kasha. Tulilia sote, kisha tukagawa. Mama mkwe alichukua fungu lake na kunishika mkono kwa muda mrefu, bila kusema kitu. Nilimwomba radhi kwa kuchelewa. Nilipoitaja kofia, wanangu walitazamana, wakasema kwa pamoja, "Ni yako, baba." Darasa la alasiri nimelirudia, juma la kwanza nilikwenda siku moja badala ya mbili, nami nikachora mshale. Kofia naishona. Kwetu kazi hii huifanya wanaume na wanawake, lakini mimi nilikuwa mvaaji tu, na vitobo vyangu vimekuwa vikubwa, vimepinda. Mahali mkono wake ulipoishia na wangu ulipoanzia, hata kipofu angepajua kwa kupapasa. Mjukuu wangu aliniona nikijichoma kidole, akacheka. Nami nikacheka naye, na safari hii sikutazama nyuma kuona nani amenisikia.

Kwa wale mliofiwa, nawaachia nasaha chache kutoka ghorofa ya tatu ya Tena. Anza na madeni na haki za marehemu, maana hizo hazingoji moyo upoe. Nia ziwe chache, ziwe na siku na saa; ibada inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo. Aliye ndani ya eda asidhani kuwa njia hii si yake, kwa kuwa kusoma juzuu, kushona na kumfundisha mtoto herufi hakuhitaji kutoka mlangoni. Isiyotimia isogeze mbele bila kujilaani. Mwambie mtu mmoja nia zako, ili awepo wa kukuuliza. Na anayekosa usingizi na chakula kwa majuma mengi, au anayejikuta akitamani kufa, asifichwe ndani wala asiambiwe imani yake ni haba. Apelekwe kwa daktari au mshauri, kama tunavyompeleka mwenye homa.

Na nyinyi jirani, msiihesabu eda ikiisha kuwa msiba umekwisha. Siku baada ya mlango kufunguka ndiyo siku ya kubisha hodi.

Ewe Mola wetu, wasamehe waliotutangulia, yape makaburi yao nuru na wasaa, na wape walio nyuma yao mikono yenye kazi na nyoyo zenye utulivu. Utukutanishe nao Peponi. Amin.

Wabillahi tawfiq.